Alama ya Mvua

Vijana wangu mnaofungua kumbi za sinema na mabanda ya mpira hapa Kyela, nimewaona mkishusha spika kutoka kwenye magari, kila moja ukubwa wa kabati la nguo, na nimewaona mnavyocheka mkizishusha. Siwalaumu. Nilicheka hivyo hivyo. Niliendesha banda la video kwa karibu miaka ishirini, na kazi yenyewe, ukiondoa kufagia maganda ya karanga na kugombana na jenereta, ilikuwa kushika kitufe kimoja cha duara kwenye amplifaya, kile cha sauti. Watu waliniita Fundi Sauti. Mpaka leo nikipita sokoni naitwa hivyo. Mke wangu ndiye anayenigusa mkono na kuniambia kwamba nimeitwa.

Ninaandika haya kwa sababu binti mmoja aliyefungua ukumbi karibu na stendi alinijia na daftari, akaniuliza, "Babu, sauti ya ukumbini inawekwa wapi?" Nilimjibu kwa maneno machache, akaandika, akashukuru, akaondoka. Alipokwisha kwenda nikaona nimemdhulumu. Jibu ni refu kuliko nililompa, na ndani yake yumo mkamwana wangu Atupele, ambaye kidogo afukuzwe nyumbani kwangu kwa ajili ya kitufe kile.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Shaibu, mwenye duka la vitenge na vyombo, ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Mimi nilikuwa nikitengeneza redio barazani kwake. Siku moja akaleta deki, tivii kubwa na spika mbili, akajenga banda nyuma ya duka, akaniambia, "Anyitike, wewe na nyaya mnaelewana. Njoo uzitawale hizi." Ndiyo barua yangu ya ajira. Sikupata nyingine.

Banda lilikuwa bati juu, bati pembeni. Sauti ikitoka kwenye spika inagonga bati la kushoto, inarudi, inagonga la kulia, na mtazamaji aliyekaa katikati analisikia neno moja mara tatu na bado hajalielewa. Asiyejua kazi, akiona watu hawaelewi, anaongeza. Siku yangu ya kwanza niliongeza. Bwana Shaibu aliingia na kanzu yake nyeupe, akakaa benchi la nyuma karibu na mama mmoja muuza karanga, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Habari za mchana, mama?" Yule mama akamtazama tu. Akarudia. Mama akasogeza sikio, akafikiri, akajibu, "Sina chenji."

Bwana Shaibu alikuja mbele, akakizungusha kitufe mwenyewe mpaka chini.

"Mtu ukimsalimu akakujibu habari za chenji," aliniambia, "ujue umezidisha."

Ikawa ndiyo kanuni yetu. Sinema ikianza na watu wakitulia, mmoja wetu anakwenda nyuma, kisha katikati, anamsalimu mtu aliye umbali wa mkono mmoja. Akijibiwa salamu yake bila kupaza, sauti iko sawa. Akilazimika kupaza, inapunguzwa hapo hapo, hata kama mapigano ndiyo yamenoga. Kipimo hiki hakinunuliwi dukani, na mnaweza kukitumia leo jioni.

Dawa ya mwangwi tuliipata Bujonde kwenye mashine za kukoboa mpunga. Pumba zilikuwa zimelundikana nje hakuna anayezitaka. Tukajaza magunia, tukayasimamisha kuzunguka kuta zote, na mwangwi ukafa. Bwana Shaibu alifurahi mpaka akawa anawaita wafanyabiashara wenzake waje kupiga makofi ndani ya banda wasikie yalivyo makavu. Tulichosahau ni kwamba ndani ya pumba hubaki chenga za mchele, na kwamba panya nao wanapenda mchele wa Kyela kama watu wa Dar es Salaam. Mwezi wa pili walikuwa wameshahamia na jamaa zao. Katika sinema moja ya majonzi, pale binti anapomuaga baba yake na ukumbi mzima unavuta kamasi, panya akapita juu ya mguu wa mchungaji mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kona kusudi asitambulike. Alipanda juu ya benchi na kulitaja jina la Bwana kwa sauti ya mimbarini. Basi kila mtu akamtambua. Kwa hiyo pepeteni pumba kwanza, mzianike, mchanganye na majani makavu ya mwarobaini, ndipo mjaze magunia. Mwenye uwezo aweke mapazia mazito.

Spika msiziweke chini. Benchi la mbele wanakaa watoto, na spika iliyo chini inawapiga wao usoni ili watu wazima wa nyuma wasikie vizuri. Ziinueni zipite kichwa cha mtu aliyesimama, kisha ziinamisheni kidogo zitazame katikati ya ukumbi. Halafu muwe nazo nne ndogo kuliko mbili kubwa. Najua hamtanisikiliza kwenye hilo la udogo, lakini nimelisema.

Sasa mvua. Mgeni anayehamia Kyela hudhani tunamtania tukimwambia habari za mvua yetu, mpaka imkute chini ya bati. Ikianza kupiga, watu kwenye tivii wanabaki kufungua na kufumba midomo kama samaki. Bwana Shaibu akachukua rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, akaweka alama mbili kandokando ya kitufe cha sauti. Ya chini akaiita Kiangazi, ya juu akaiita Mvua. Mvua ikianza unapanda mpaka alama ya Mvua. Ikikatika unarudi Kiangazi.

"Kurudi ndiyo kazi ninayokulipa," aliniambia. "Kupanda hata mbuzi wangu angepanda."

Nilikuwa hodari wa kurudi kwa muda wote aliokuwapo. Kisha akazeeka, wanawe wakamchukua kwenda kuishi nao pwani, banda akaniachia mimi niliendeshe. Haukupita muda likafunguliwa banda jingine ng'ambo ya barabara, na lile lilikuwa na besi inayotikisa vikombe vya chai kwenye mgahawa wa jirani. Watu wangu wakaanza kupungua. Alasiri moja mvua ilikatika katikati ya sinema, nami nikasahau kurudi Kiangazi. Walipotoka walikuja kunishika mkono. "Fundi, leo umetuweza." Kesho yake jua lilikuwa kali na kitufe kilikuwa kwenye Mvua.

Kuna jambo ambalo Bwana Shaibu hakunieleza, labda kwa sababu hakuwahi kulifikia. Sikio linazoea. Sauti iliyokuwa kelele Jumatatu inakuwa ya kawaida Ijumaa, na baada ya mwezi inaonekana ndogo. Mtazamaji anataka zaidi, na wewe uliyekaa hatua mbili kutoka kwenye spika unataka zaidi kuliko yeye. Nikatafuta rangi ya kucha, nikaweka alama ya tatu juu ya ile ya Mvua, nikaiita Gharika. Nilijiona mbunifu sana.

Watu wakitoka kwangu walikuwa wakisemezana kwa kupayuka, na wauza ndizi barabarani walijua sinema imekwisha kabla mlango haujafunguliwa vizuri. Nami nikifika nyumbani Ipyana masikio yalikuwa yakivuma. Mwanzoni uvumi ule ulikuwa ukiisha nikishakula na kupumzika. Baadaye ukawa unakaa mpaka asubuhi. Baadaye zaidi niliacha kuangalia kama umeisha au haujaisha. Ninyi mkitoka ukumbini au mkivua hivyo vidude vya masikioni mkasikia mlio mwembamba usio na mahali unapotoka, msidhani ni uchovu. Sikio limeumia, nalo halina namna nyingine ya kuwaambia.

Kulikuwa na Mwalimu Nyamizi, Mnyamwezi wa Tabora aliyehamishiwa shule ya msingi ya hapa mjini. Alikuja bandani Jumatatu moja baada ya masomo, na vumbi la chaki bado liko mikononi.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekuja kwa jambo dogo. Wale watoto wa darasa la tatu walioshinda hapa Jumamosi, leo nikiita majina hawaitiki mpaka niwafuate kwenye madawati. Nahisi ni hii sauti yako."

Ningeweza kumkaribisha akae. Nilimwambia, "Mwalimu, hapa siyo maktaba. Anayetaka kimya akae kwake asome gazeti." Wateja wangu wawili walicheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Haya, asante," akaenda zake. Jibu lile linaniaibisha kila ninapolikumbuka, na nimelikumbuka mara nyingi.

Wakati huo huo niliona nyumbani kwangu pamekuwa na siri. Mke wangu, Mama Ambokile, alikuwa akinong'ona. Jirani akija kuomba moto ananong'ona. Hata kanisani mchungaji alikuwa akimaliza sala chini chini kama mtu mwenye mafua. Nikamwambia mke wangu kwamba nyumba yenye minong'ono haina amani. Alinijibu kitu, nikamwambia, "Unaona? Unanong'ona tena."

Hapo ndipo Atupele alipoingia katika nyumba yetu, ameolewa na mwanangu Ambokile. Ambokile alikuwa kwenye kibarua Mbeya, akija mwisho wa mwezi, na mkewe alibaki na sisi. Binti wa Katumba Songwe, mpole, mchapakazi, anayejua kuanika kakao isiote ukungu. Sikuwa na la kumlaumu.

Lakini kuna mila yetu ambayo lazima niwaeleze, maana wengi wenu mmekulia mjini. Kwa sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kupishana. Familia nyingi zimeiacha mila hiyo. Yetu haikuiacha, kwa sababu dada yangu Tusekile, mkubwa wetu sote, hakuruhusu. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hataji jina lake, hapiti karibu yake. Akitaka kupita nilipo anakohoa akiwa bado mbali, au anasema "Napita," na anasema kwa sauti ya chini, maana kupaza sauti mbele ya baba mkwe ni utovu wa adabu. Mimi nikisikia ninaingia ndani, au ninageukia migomba mpaka apite. Kutoa ishara ni wajibu wake. Tukikutana uso kwa uso, kosa ni lake.

Mara ya kwanza nilikuwa uani nageuza kakao kwenye mkeka. Nikainua kichwa, huyu hapa Atupele na ndoo ya maji kichwani, hatua tatu mbele yangu. Aligeuka haraka mpaka maji yakammwagikia. Nikasema moyoni, mtoto amejisahau. Mara ya pili ilikuwa kwenye njia ya kwenda kisimani, na safari hii nilikasirika kidogo, nikamlalamikia mke wangu. Mke wangu aliniangalia kwa muda mrefu. Alisema neno ambalo sikulipata, na sikumwomba alirudie kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwaomba watu warudie.

Mara ya tatu nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni, mgongo umeelekea ndani, nafuta spika ndogo niliyoileta kuitengeneza. Nikageuka ghafla nichukue kitambaa. Atupele alikuwa nyuma yangu na sufuria la maji yanayochemka, anangoja nimpishe. Alipouona uso wangu aliinua mkono kujifunika macho, sufuria likapinduka, maji yakamwagikia mguu wake wa kushoto. Alipiga ukelele. Huo niliusikia.

Dada Tusekile alifika kesho yake. Aliangalia mguu uliofungwa kitambaa, akampa pole, kisha akatuita mimi na mke wangu pembeni. "Mara tatu," alisema, naye ana sauti nzito ambayo siku zote niliipata vizuri. "Mkamwana asiyetoa ishara anamdharau baba mkwe wake. Mguu ukipona kidogo arudi kwao Katumba Songwe wakamfunde upya. Jumapili tutakaa, tumwambie." Na mimi, vijana wangu, nilikubali. Siyo kukubali tu. Niliulizwa kama nimewahi kumsikia akikohoa, nikasema simsikii kwa sababu hakohoi. Nilikuwa shahidi wa pekee, na Fundi Sauti nani angembishia?

Nyote mnajua binti akirudishwa kwao kwa kosa la adabu maneno yanayomfuata. Hakuna atakayeuliza alikohoa au hakukohoa.

Jumamosi, siku moja kabla ya kikao hicho, nilikuwa bandani. Watu walikuwa wengi, mvua ilikuwa imeanza mchana, nami nilikuwa nimepandisha mpaka Gharika. Nikiwa kwenye meza yangu nikamwona Mwalimu Nyamizi ameingia na mwavuli mkononi. Tangu ile siku ya gazeti hakuwahi kukanyaga. Akaja mpaka mezani, mdomo ukacheza.

"Ingia tu, Mwalimu," nilimwambia, "nafasi ipo."

Mdomo ukacheza tena. Nikamwonyesha benchi. Akachukua kalamu yangu, akaandika nyuma ya kitabu cha tiketi kwa ule mwandiko wa walimu ulionyooka: *Mvua imekatika zamani. Mbona hupunguzi?*

Nilitaka kucheka, kwa sababu mvua nilikuwa naisikia. Ilikuwa inapiga juu ya bati, mfululizo, kama nilivyoizoea. Nikatazama mlangoni. Jua lilikuwa limejaa barabarani. Mwendesha baiskeli alikuwa anapita kwenye dimbwi miguu ameinyanyua, na mtu alikuwa ameanza kutandika upya vitunguu vyake. Nikakizungusha kitufe mpaka mwisho wa chini. Banda zima likageuka kunitazama. Mvua haikupungua hata kidogo. Nikaelewa kwamba ilikuwa inanyesha ndani ya kichwa changu, na kwamba sijui ilianza mwezi gani.

Watu walianza kulalamika, niliona kwa mikono yao. Sikuwajali. Nilimwambia Mwalimu, "Nenda nyuma yangu. Hatua tano. Kisha ukohoe."

Nikampa mgongo. Nikangoja. Nikatazama ukuta wa magunia, nikahesabu magunia sita, nikaona amechelewa.

"Kohoa basi, Mwalimu," nilisema.

Akaja akasimama mbele yangu. Hakuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Aliinua vidole vinne: alikuwa ameshakohoa mara nne.

Niliogopa sana, sitaki kuwaficha. Sikuogopa uziwi kwanza. Nilimwona Atupele amesimama na ndoo, anakohoa, anangoja, anakohoa tena, na mimi nimeinama kwenye kakao yangu kama mwenye nyumba asiyetaka kusumbuliwa.

Niwamalizie habari za banda kabla sijafika Jumapili. Nilirudi alama ya Kiangazi siku ile ile na sikupanda tena ila mvua ya kweli ilipokuja, na kwa hilo nilimwomba mteja wa benchi la mbele awe ananiinulia mkono ikianza na ikikatika. Wiki ya kwanza walininunia. Wiki ya pili baadhi walivuka barabara kwenda kwenye besi. Wiki ya tatu nikawaona waliobaki wanacheka kwenye sehemu za kuchekesha ambazo zamani walikuwa wakizipita kavu, kwa sababu sasa walisikia maneno. Wale wa ng'ambo nao wakaanza kurudi mmoja mmoja. Nilikwenda shuleni kumwomba Mwalimu Nyamizi radhi mbele ya darasa lake, akaita majina mbele yangu ili nione. Waliitika, midomo ilifunguka yote. Benchi la mbele nililisogeza nyuma, mbali na spika. Masikio yangu mimi hayakurudi. Daktari aliyeyapima aliniambia, kwa kuandika, kwamba yaliyokwenda yamekwenda.

Basi Jumapili. Baada ya ibada tulikaa sebuleni kwangu, dada Tusekile kwenye kiti kikubwa, mimi, mke wangu, na Ambokile aliyekuwa ameitwa kutoka Mbeya, ameinamisha kichwa. Atupele alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, amekaa nyuma ya ukuta ili asikie bila kuniona. Mfuko wake wa nguo ulikuwa umeshafungwa, uko kando ya mlango. Dada akaanza kusema habari za heshima, na mimi nikasimama kabla hajafika mbali.

"Dada, nisamehe nikukatize. Mimi sisikii."

"Husikii nini?" aliuliza.

"Sisikii. Masikio yamekufa. Mtu akikohoa nyuma yangu sisikii, mvua ikikatika sijui. Nilisema uongo juu ya mtoto huyu bila kujua."

Nilijua kwamba kesho yake mji mzima utakuwa unacheka kwamba Fundi Sauti ni kiziwi, na kwamba labda hapatakuwa na wa kunipa banda kuliendesha. Nilikuwa nimelifikiria hilo njia nzima kutoka mjini. Dada alinitazama, akamtazama mke wangu, akatikisa kichwa.

"Unamfichia kosa," alisema. "Una huruma kwa sababu ameungua." Kisha akageukia ule mlango. "Atupele. Ulikuwa unakohoa?"

Nikatazama chini, nikangoja jibu. Halikuja. Nikaona pengine amekataa kusema, na nikafikiri mtoto huyu anajimaliza mwenyewe. Nilipoinua macho, Ambokile alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili, na dada Tusekile, mwanamke ambaye sikumwona akilia hata mazikoni, alikuwa anatafuta ncha ya kitenge chake.

"Mbona hajibu?" niliuliza.

Mke wangu alikuja mpaka sikioni pangu. "Ameshajibu. Amesema mengi."

"Amesema nini?"

"Amesema alikohoa siku zote. Siku ya sufuria alikohoa mpaka koo likamkauka. Anasema alidhani unamsikia, ila humtaki nyumbani kwako, ndiyo maana humpishi."

Dada alinyanyua mkono, akasema Atupele haendi popote. Akasema na kuanzia siku hiyo atapita mbele yangu ninapomwona, mila itatusamehe, maana ndugu yake amebakiwa na macho tu. Ambokile akainuka, akauchukua ule mfuko, akaurudisha ndani. Mimi nilikwenda mpaka kwenye ule mlango, nikasimama upande wangu wa ukuta, nikageuza uso kama inavyotakiwa, nikasema, "Mwanangu, sikukusikia hata mara moja. Ningekusikia ningekupisha." Sijui nilisema kwa sauti kubwa kiasi gani. Mke wangu anasema kuku walitimka uani.

Kisha nikasimama pale pale nikisubiri anijibu, nikasubiri kwa muda mrefu, mpaka Mama Ambokile akanishika bega.

"Ameshajibu," aliniambia. "Amesema, 'Ndaga, tata.'"

Ni neno la kwanza ambalo mkamwana wangu aliwahi kuniambia mimi, asante, baba, naye alikuwa nyuma ya ukuta wa tofali moja. Nimelipata kwa kuambiwa.